Jalada, Mpaka na Msomaji: Toleo la Kwanza la Riwaya Kusini mwa Pwani ya Kenya

Utangulizi

Uhakiki wa riwaya ya Kiswahili umeyashughulikia maneno ya kitabu kwa bidii kubwa. Maudhui yamechambuliwa, wahusika wamepangwa makundi, na mitindo imepimwa kwa nadharia za kila namna. Lakini kitabu chenyewe, yaani karatasi, uzi, gundi, jalada na ukurasa wa jina, aghalabu hakiulizwi neno. Mwanafunzi anayeandika tasnifu juu ya Kusadikika hutaja mwaka alioukuta katika nakala yake, ingawa nakala hiyo yamkini ilipigwa chapa miongo kadhaa baada ya ile aliyoishika Shaaban Robert mwenyewe. Jambo hili huonekana dogo. Katika makala haya tunanuia kuonyesha kwamba si dogo hata kidogo, kwa kuwa mhakiki asiyejua ni toleo gani analolisoma huweza kumtia mwandishi maneno kinywani na kumweka katika zama zisizo zake.

Mada yetu ni ukusanyaji wa matoleo ya kwanza ya riwaya zilizokwisha kukubaliwa kuwa za msingi, pamoja na majalada mbalimbali ambayo toleo moja liliweza kuvishwa. Eneo letu ni kusini mwa Pwani ya Kenya, kuanzia Likoni kupitia Waa, Diani na Msambweni hadi Vanga. Riwaya tutakazozitaja hazikuchapishwa katika eneo hili; zilifika tu. Kwa sababu hiyo hasa eneo linafaa kuchunguzwa. Mahali kitabu kinapochapishwa tunaona nia ya mchapishaji. Mahali kinapofika tunaona safari yake, vizuizi vyake, namna kilivyosomwa na namna kilivyochakaa.

Yatupasa kwanza kubainisha istilahi. Kwa neno toleo tunakusudia maandishi yaliyopangwa kwa ajili ya kuchapwa mara moja. Mwandishi au mhariri akiyabadilisha na kuyapanga upya, hilo ni toleo jingine. Kwa neno chapa tunakusudia kila mara mtambo unapozungushwa kutoa nakala za mpango uleule. Toleo moja basi laweza kuwa na chapa nyingi, na chapa moja yaweza kuvishwa majalada zaidi ya aina moja. Mambo haya matatu huchanganywa sana katika marejeleo yetu, na mchanganyo huo ndio chanzo cha mengi tutakayoyaeleza.

Elimu ya majalada

Ukusanyaji wa matoleo ya kwanza ulipata taratibu zake katika Ulaya na Marekani. Hadi mwanzoni mwa karne ya 19 mnunuzi wa Kiingereza aghalabu alinunua kitabu kikiwa katika jalada la muda, kisha akampelekea fundi wake akijalidi upya kwa ngozi aipendayo. Tangu miaka ya 1820 wachapishaji walianza kuvijalidi vitabu wenyewe kwa kitambaa. Lakini hawakujalidi karatasi zote kwa siku moja. Sehemu ilijalidiwa kwanza, na nyingine zilingoja ghalani mpaka za kwanza ziuzwe. Kitambaa cha kwanza kilipokwisha, kilitumiwa kingine. Kwa hivyo nakala mbili za chapa ileile ziliweza kutoka na rangi mbili tofauti.

Mifano ni mingi. Moby-Dick ya Herman Melville, iliyotolewa New York na Harper mwaka 1851, inajulikana katika vitambaa vya rangi kadhaa. A Christmas Carol ya Charles Dickens, iliyotolewa London mwezi wa Desemba 1843, hutofautishwa na wakusanyaji hata kwa rangi ya karatasi zilizobandikwa ndani ya jalada, za kijani au za manjano. Mwaka 1932 John Carter alitoa kitabu kizima juu ya tofauti hizo za majalada katika uchapishaji wa Kiingereza. Tangu hapo elimu hii haikuachiwa wenye maduka peke yao.

Msomaji ana haki ya kuuliza: je, huu si mchezo wa matajiri, kulumbana juu ya rangi ya kitambaa huku watoto wetu wakigawana kitabu kimoja watatu? Swali ni la haki, na tunakiri kwamba bei za mnada hazina uhusiano wowote na thamani ya fasihi. Lakini elimu hiyohiyo imetoa matunda ambayo mhakiki hawezi kuyapuuza. Mwaka 1934 Carter na mwenzake Graham Pollard walichunguza karatasi na herufi za vijitabu kadhaa vilivyodaiwa kuwa matoleo ya kwanza ya washairi mashuhuri wa Uingereza. Wakathibitisha kwamba vilighushiwa, kwani baadhi yake vilichapwa kwa karatasi ambayo haikuwa imeanza kutengenezwa katika mwaka ulioandikwa juu yake. Tuhuma zikamwangukia Thomas James Wise, mkusanyaji aliyekuwa akiheshimiwa kuliko wote. Karatasi ilisema kweli pale ambapo ukurasa wa jina ulisema uongo.

Mfano wa Melville unatufaa zaidi. Riwaya yake ilitoka London mwezi wa Oktoba 1851, kwa jina la The Whale, kabla haijatoka New York mwezi uliofuata. Toleo la London halikuwa na hitimisho linaloeleza jinsi msimulizi alivyookoka merikebu ilipozama. Baadhi ya wahakiki wa Uingereza walimlaumu mwandishi: iweje mtu aliyekufa maji asimulie kisa? Lawama yao ilikuwa ya haki kwa kitabu walichokishika, na haikuwa ya haki kwa kitabu alichokiandika Melville. Hapo ndipo tunapoona kwamba suala la toleo ni suala la uhakiki.

Wala tusidhani kwamba Pwani yetu ilingoja Wazungu kuifundisha thamani ya jalada. Neno kujalidi limo katika Kiswahili tangu zamani, limetokana na Kiarabu pamoja na kazi yenyewe. Misahafu iliyonakiliwa kwa mkono ilivishwa majalada ya ngozi yenye ulimi unaofunika ukingo wa kurasa, na mji wa Siyu kisiwani Pate ulisifika katika karne ya 19 kwa wanakili na mafundi wake. Msahafu haukurithiwa kwa ajili ya maneno peke yake. Maneno yaleyale yamo katika kila msahafu. Ulirithiwa kwa sababu ya mkono ulioandika na nyumba ulimokaa. Riwaya iliyochapwa haikupata heshima hiyo. Ilikuja kama kitabu cha shule, na kitabu cha shule huachwa mtihani unapokwisha.

Kati ya Mombasa na Tanga

Kusini mwa Pwani ya Kenya kuko katikati ya miji miwili muhimu katika historia ya nathari ya Kiswahili. Kaskazini, ng'ambo ya kivuko cha Likoni, ipo Mombasa, bandari ambamo vitabu vya London viliteremshwa. Ni Mombasa pia ambako mkutano wa mwaka 1928 uliafiki kwamba Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Kusini, ng'ambo ya Lunga Lunga, iko Tanga, na katika kijiji cha Vibambani karibu na Tanga alizaliwa Shaaban Robert mwaka 1909. Mpaka unaopita kati yake ulichorwa katika mapatano ya Waingereza na Wajerumani ya mwaka 1886, kuanzia mdomo wa mto Umba. Wadigo, Wavumba na Wasegeju waliamka wakiwa pande mbili za mstari ambao hawakuuchora.

Vitabu vya kwanza vya nathari vilivyosambazwa na shule za kikoloni vilikuwa tafsiri. Mwaka 1929 Longmans ya London ilitoa Mashimo ya Mfalme Sulemani, tafsiri ya Frederick Johnson ya riwaya ya H. Rider Haggard, na mwaka huohuo ikatoa Kisiwa chenye Hazina, kutoka kwa Robert Louis Stevenson. Mkusanyaji wa ng'ambo hutafuta nakala ya Kiingereza ya Haggard iliyotolewa na Cassell mwaka 1885 na kuilipia fedha nyingi. Ile ya Kiswahili ya 1929, iliyofundisha kizazi kizima namna riwaya inavyoanza, inavyoendelea na inavyokwisha, ni nani anayeitafuta? Kwa historia ya fasihi yetu ya pili ina uzito kuliko ya kwanza.

Johnson huyo alikuwa katibu wa kwanza wa Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya Afrika Mashariki iliyoundwa mwaka 1930. Kamati ilipewa kazi ya kusanifisha lugha na kuidhinisha Kiswahili cha vitabu vya shule. Kwa mintarafu hii kurasa za mwanzo za kitabu cha zama hizo ni ushahidi wa siasa ya lugha. Kwa msomaji wa Msambweni au Wasini ushahidi huo una maana ya pekee. Lahaja zilizomzunguka, Kivumba na Chichifundi, zilielezwa na H. E. Lambert katika vijitabu viwili vya kitaaluma, cha 1957 na cha 1958. Katika riwaya za shule hazikupewa nafasi. Lugha ya nyumbani iliingia kitabuni kama kitu cha kuchunguzwa, si kama lugha ya kusimulia.

Tuchukue sasa Uhuru wa Watumwa ya James Mbotela. Ilitolewa mwaka 1934 na Sheldon Press ya London, shirika la uchapishaji lililokuwa na mizizi katika kazi ya umisionari. Wako wanaoihesabu kuwa riwaya ya kwanza ya Kiswahili, na wako wanaoiona kuwa masimulizi ya historia tu. Yanahusu watumwa walioachiliwa huru na kuwekwa Freretown, Mombasa. Wahakiki wengi wameilaumu kwa kuwasifu mno Waingereza. Miaka ya 1960 Nelson ilikirudia kitabu, na sasa tazama jalada. Mwaka 1934 neno uhuru juu ya kitabu hiki lilimaanisha kitu kimoja: mtu kutoka utumwani. Baada ya tarehe 12 Desemba 1963 neno lilelile, juu ya kitabu kilekile, lilisomwa na watu waliolisikia katika mikutano ya siasa. Msomaji wa Shimoni, penye pango ambalo masimulizi ya wenyeji hulihusisha na biashara ya watumwa, alikuwa na sababu ya kukisoma kitabu kwa njia zote mbili. Mhakiki anayemlaumu Mbotela kwa kutoikabili serikali ya kikoloni kama mwandishi wa miaka ya 1960, hali ameshika nakala ya miaka ya 1960, amelihukumu jalada badala ya mwandishi.

Shaaban Robert anatupa mfano mzito zaidi. Kusadikika ilitolewa na Nelson mwaka 1951. Kufikirika ilitolewa na Oxford University Press, Nairobi, mwaka 1967, miaka mitano baada ya kufa kwake. Kwa hesabu ya majalada Kufikirika ni ya baada ya uhuru. Kwa hesabu ya kalamu iliandikwa mwaka 1946, Tanganyika ikiwa chini ya Waingereza na vita vikuu vimekwisha juzi. Anayesoma nchi ya Kufikirika kuwa kioo cha dola changa za Afrika anaruhusiwa kufanya hivyo kama msomaji, kwani riwaya bora husemeza zama nyingi. Lakini akidai kwamba ndivyo alivyokusudia mwandishi, amekosea miaka 20 na ushei. Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote zilitoka mwaka 1968, nazo pia mwandishi hakuziona zikiwa na majalada. Ndiyo kusema riwaya ina saa tatu: saa ya kuandikwa, saa ya kuchapwa na saa ya kusomwa. Toleo la kwanza hutupa ile ya pili kwa yakini, na kwa hiyo hutulazimisha kuzitafuta nyingine mbili.

Majalada mawili, wasomaji wawili

Suala la majalada tofauti ya kitabu kimoja, ambalo katika Ulaya lilitokana na ghala la mchapishaji, katika Kenya lilipata sura ya kitabaka. Weep Not, Child ilitolewa na Heinemann mwaka 1964 kwa njia mbili. Ilitoka katika jalada gumu lenye koti la karatasi, na ilitoka katika jalada laini ikiwa namba 7 ya mfululizo wa Waandishi wa Afrika ulioanzishwa mwaka 1962. Vitabu vya hadithi katika mfululizo huo vilivishwa rangi ya machungwa, na rangi hiyo ndiyo iliyokaa akilini mwa mwanafunzi wa Kiafrika. Jalada gumu lilikusudiwa maktaba na wanunuzi wenye uwezo. Jalada laini lilikusudiwa mkoba wa shule. Maneno ni mamoja. Wasomaji waliokusudiwa si wamoja, na mkusanyaji anayetunza gumu na kulidharau laini ametunza nusu ya historia, tena nusu isiyotuhusu sana.

Juu ya majalada hayo ya kwanza jina la mwandishi ni James Ngugi. Hivyo ndivyo lilivyo katika The River Between ya 1965 na A Grain of Wheat ya 1967. Chapa za baadaye zinasema Ngũgĩ wa Thiong'o, jina ambalo mwandishi alilitumia mpaka alipofariki mwezi wa Mei 2025. Mwanafunzi aliyeshika chapa za baadaye peke yake hawezi kuona mageuzi hayo, na mageuzi hayo ndiyo kiini cha fikra za mwandishi juu ya lugha na ukoloni. A Grain of Wheat yenyewe ilisahihishwa na kutolewa upya mwaka 1986. Katika toleo la kwanza mpiganaji mmoja anambaka mwanamke wa Kizungu. Katika toleo la pili tendo hilo limeondolewa. Wahakiki wawili wanaobishana juu ya namna riwaya inavyowachora wapiganaji wa Mau Mau wanaweza basi kuwa wakweli wote wawili, na ubishi wao ukawa ni wa vitabu viwili.

Serikali nayo inaweza kulifanya toleo kuwa adimu. Matigari ma Njirũũngi, iliyotolewa Nairobi kwa Kikuyu mwaka 1986, ilikamatwa na polisi madukani mwezi wa Februari 1987. Nakala ya toleo hilo iliyosalia si pambo. Ni shahidi aliyeponea chupuchupu.

Mpaka uliofungwa

Turudi Lunga Lunga. Kwa miaka mingi kitabu cha Kiswahili kilikuwa kitabu cha nchi tatu. Idara ya vitabu ya Afrika Mashariki, iliyojulikana kwa jina la East African Literature Bureau, iliundwa mwaka 1948. Shindano lake la uandishi la 1957 na 1958 lilishindwa na Mohamed Said Abdulla wa Zanzibar, na mswada wake, Mzimu wa Watu wa Kale, ukatolewa mwaka 1960. Mwaka huohuo ilitoa Kurwa na Doto ya Muhammad Saleh Farsy. Mwaka 1971 ilitoa Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, riwaya iliyopigwa marufuku kwa muda katika shule za Tanzania. Mwaka 1975 ikatoa Dunia Uwanja wa Fujo ya mwandishi huyohuyo. Mwandishi wa Ukerewe au Unguja alitolewa na shirika lenye makao Nairobi, na hapana aliyeona ajabu.

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika. Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya mwezi wa Februari mwaka huo, na haukufunguliwa mpaka Novemba 1983. Shirika la vitabu likagawanyika, na katika Kenya kazi yake ikarithiwa na Kenya Literature Bureau. Sasa na tutazame ni riwaya zipi zilizaliwa katika miaka ile karibu saba. Tanzania Publishing House ilitoa Kasri ya Mwinyi Fuad ya Shafi Adam Shafi mwaka 1978 na Kuli mwaka 1979. Gamba la Nyoka ya Kezilahabi ilitoka mwaka 1979. Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka ya Aniceti Kitereza, ambayo mswada wake wa Kikerewe ulikuwa tayari mwaka 1945, ilitoka mwaka 1980 kwa Kiswahili cha mwandishi mwenyewe. Yeye akafariki mwaka 1981. Kizazi kizima cha riwaya kuu za Kiswahili kilitokea Dar es Salaam wakati barabara ya Tanga kwenda Likoni haipitiki kwa biashara halali.

Upande wa Nairobi nao haukulala. Mwaka 1977 Asali Chungu ya Said Ahmed Mohamed ilitolewa na Shungwaya Publishers, shirika lililojipa jina la ile nchi ya asili inayotajwa katika masimulizi ya Wamijikenda, Wadigo wakiwamo. Mwaka 1980 Longman ilitoa Utengano ya mwandishi huyohuyo, ambayo baadaye iliteuliwa kutahiniwa katika shule za Kenya. Kwa hivyo mwandishi mmoja wa Pemba alifika Msambweni na Kwale kwa sababu mchapishaji wake alikuwa Nairobi, na mwandishi mwingine wa Unguja alikawia kwa sababu mchapishaji wake alikuwa Dar es Salaam. Ubora wa kazi haukuwa na neno hapo.

Hoja yetu ni kwamba tofauti hii imeingia katika uhakiki bila kutambuliwa. Orodha ya riwaya ambazo msomaji wa Kenya huziona kuwa za msingi na ile ya msomaji wa Tanzania hazilingani, na aghalabu tunaeleza tofauti hiyo kwa itikadi: Ujamaa upande mmoja, ubepari upande wa pili. Itikadi imo, hatukatai. Lakini kabla ya itikadi kuna kizuizi cha barabara. Kinaya ni kwamba Shaaban Robert, baba wa riwaya hii, alitumikia idara ya forodha tangu 1926 hadi 1944. Karani wa forodha angelielewa jambo hili upesi kuliko mhakiki.

Mchwa, kaki na muhuri

Je, matoleo hayo yako wapi leo? Kwa yale yaliyotolewa London jibu la kwanza linauma. Sheria ya hakimiliki ya Uingereza ya 1911 iliwataka wachapishaji wapeleke nakala katika maktaba ya British Museum, na maktaba nyingine kadhaa zikawa na haki ya kudai nakala zao. Kwa sheria hiyo, njia ya kuipata nakala ya kwanza ya Uhuru wa Watumwa au Kusadikika imenyooka London kuliko Kwale. Mwenye kusoma lugha hii tangu tumboni mwa mama anahitaji viza ili aone jalada ambalo babu yake aliligusa.

Nakala zilizofika kusini mwa Pwani zilikutana na maadui wengine. Hewa ya bahari ina unyevu na chumvi. Vitabu vyembamba vilivyoshikwa kwa pini za chuma huota kutu, kutu hula karatasi, na kurasa za katikati huchomoka kwanza. Vilivyoshikwa kwa gundi bila uzi hukauka mgongo na kupukutika. Mende hupenda gundi. Mchwa hapendi kitu kimoja, hupenda vyote. Ukungu huanzia pale kitabu kinapogusa ukuta.

Hata hivyo kitabu cha shule kina kinga yake. Desturi ya kukivalisha karatasi ya kaki au gazeti huweza kulihifadhi jalada chini yake, na gazeti lenyewe lina tarehe. Muhuri wa shule, ambao mkusanyaji wa Ulaya huuona kuwa doa linaloshusha bei, kwetu ni maandishi ya thamani: unasema kitabu kilisomwa wapi. Majina ya wanafunzi yaliyofuatana katika ukurasa wa kwanza, kila moja limekata lililotangulia, ni historia ya usomaji ambayo hakuna kumbukumbu ya serikali inayoweza kuitoa. Na mjalidi wa mtaani aliyeshona upya kitabu kilichokatika mgongo na kukipa jalada la boksi na kitambaa ametengeneza jalada jipya la kitabu kile, kwa maana kamili ya istilahi. Hiyo ndiyo tofauti ya majalada inayotuhusu. Moby-Dick ina vitambaa vyake vya 1851. Kusadikika ina kaki yake, gazeti lake na boksi lake.

Kwa hivyo kanuni za ukusanyaji haziwezi kuchukuliwa zilivyo kutoka London. Kule nakala safi, isiyoguswa, ndiyo bora. Kwetu nakala iliyosomwa na watu 10 inasema mengi kuliko ile iliyofichwa kabatini. Kwa ajili ya maandishi tunaitaka nakala kamili ya toleo la kwanza. Kwa ajili ya historia ya usomaji tunaitaka ile iliyochakaa. Mhakiki anazihitaji zote mbili.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba toleo la kwanza na jalada lake ni ushahidi katika mambo manne. Linamrudisha mwandishi katika zama zake, kama tulivyoona kwa Mbotela na Shaaban Robert. Linadhihirisha mabadiliko ya maandishi na ya jina, kama kwa Ngũgĩ. Linaonyesha wasomaji waliokusudiwa kwa kila aina ya jalada. Tena linafichua vizuizi, vya mpaka na vya polisi, ambavyo viliamua nani asome nini.

Wakati wa kuutafuta ushahidi huu ni mfupi. Waliokuwa darasani mwaka 1951 ni wazee mno leo, na waliokuwa darasani mwaka 1967 ni wajukuu wao wanaowaamulia vitu vya nyumbani. Mwenye nyumba akiondoka, vyombo hugawanywa, shamba hugawanywa, na sanduku la vitabu huchomwa au huuzwa kwa kilo kufungia bidhaa. Diani, ambako wageni wa ng'ambo na fedha zao wako karibu, ipo hatari nyingine: kwamba siku bei ya vitabu hivi itakapojulikana, vitaondoka kwa ndege kabla havijaandikwa popote.

Tunapendekeza jambo la kiasi. Kabla ya kukusanya vitabu, tukusanye habari zake. Kila mwanafunzi wa fasihi atokaye Kwale, Matuga au Msambweni apewe kazi ya kuandika, kwa idhini ya wenyewe, vitabu vya hadithi vilivyomo katika nyumba tano anazozijua: jina, mchapishaji, mji, mwaka, chapa ya ngapi, jalada la aina gani, mihuri na majina yaliyomo. Apige picha jalada, mgongo na ukurasa wa jina na wa nyuma yake. Kitabu kibaki nyumbani kwake. Katiba ya Kenya ya 2010 imeziweka maktaba miongoni mwa kazi za kaunti, na Kwale ina haki ya kuwa na chumba kimoja kikavu ambamo daftari hilo, na vitabu ambavyo wenyewe watapenda kuvitoa, vitatunzwa. Gharama yake ni ndogo kuliko ya tamasha moja la utalii.

Mhakiki naye ana wajibu wake, usiohitaji fedha. Anapotaja riwaya, aseme ameshika toleo gani na chapa gani, na mwaka wa kuandikwa ukijulikana autaje kando ya mwaka wa kuchapwa. Mabano mawili badala ya moja hayatamchosha. Tukifanya hivyo, mabishano kadhaa yatakwisha yenyewe, na yatakayobaki yatakuwa juu ya kitabu kimoja.